Daktari amekataa kunibadilisha meno, na harusi ni Desemba

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27. Nimezaliwa na kukulia Arumeru, upande wa Maji ya Chai, na sasa niko Dar es Salaam mwaka wa tatu, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli. Meno yangu ni yale watu wanayoyaita meno ya Arusha. Mawili ya mbele juu yana ukanda wa kahawia kama chai ya rangi iliyokaukia kwenye kikombe, yanayofuata yana madoa meupe kama chokaa, ya chini nafuu kidogo. Nyumbani hakuna aliyejali kwa sababu darasa zima tulikuwa hivyo. Nilipofika Dar ndipo nilipojua kwamba nina meno.

Nimejifunza kucheka nikiwa nimefunga mdomo. Kwenye simu yangu kuna picha zaidi ya elfu mbili na sidhani kama jino linaonekana kwenye kumi. Mgeni akitania pale kaunta, mkono unapanda mdomoni wenyewe. Meneja hajawahi kusema kitu, lakini walipokuja kupiga picha za matangazo ya hoteli, wenzangu waliambiwa watabasamu, mimi nikaambiwa nishike simu ya mezani niangalie pembeni.

Mwezi wa sita mchumba wangu alinipeleka kwao Morogoro kunitambulisha. Mama yake alinipokea vizuri sana. Tulipokuwa uani tunachambua mchele akamuuliza wifi yangu kwa sauti ya chini, ila haikuwa ya chini vya kutosha: "Huyu binti anavuta sigara?" Wifi akamwambia hapana mama, ni maji ya kwao. Kumbe ndiyo amefungua lingine: "Kwa hiyo na wajukuu zangu watakuwa hivi?" Shangazi, ule mchele niliumaliza kuuchambua sioni vizuri.

Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Nina akiba yangu mwenyewe, si ya kamati, milioni mbili na laki tatu, na nia yangu ilikuwa vinia, yale magamba membamba ya kauri wanayobandika mbele ya meno. Nikaenda kwa daktari wa meno nikiwa na picha ya msanii kwenye simu. Daktari aliiangalia picha sekunde mbili, meno yangu akayaangalia dakika ishirini. Akagonga moja moja kwa kile kichuma, akapima fizi, akapiga eksirei. Halafu akasema: "Meno yako ni mazima, hayana hata tundu moja. Hili ni suala la urembo tu. Siwezi kuchonga meno mazima ya msichana wa miaka 27." Akaniuliza ni nani aliyeniambia nibadilishe meno, nikajiona kama niko polisi. Akasema anaweza kuondoa ugaga kwanza, kisha kuyang'arisha kwa dawa, kisha kukwangua madoa, na yatakayobaki atayafunika kwa ile dawa nyeupe ya kuzibia. Hatua kwa hatua. Mimi sikwenda kutafuta hatua, nilikwenda kutafuta meno. Nilitoka pale nalia.

Nikaenda kliniki nyingine. Huko hawakuuliza kitu. Ndani ya dakika kumi wakaniambia watanifanyia meno ishirini, juu na chini, "kama ya huyo huyo msanii", kwa kuyachonga na kuyavisha kofia, nilipe nusu sasa na nusu kwa awamu. Bei ni mara nne ya akiba yangu. Na dada wa saluni ninakosukia ana vinia pia, meno kumi laki nne na nusu, saa mbili umemaliza, hakuna sindano. Cheti chake kiko ukutani.

Maswali yangu ni haya. Huyu daktari wa kwanza ana haki gani ya kunikatalia wakati mdomo ni wangu na pesa ni yangu? Nimfuate yupi kati ya hao watatu? Na mama mkwe nimjibu nini kuhusu wajukuu?

Wako,
Nimechoka Kufunga Mdomo, Dar es Salaam

Nyongeza: Ikishindikana kabisa, nipake rangi gani ya mdomo ambayo haitayatangaza haya meno siku ya harusi?

---

Marahaba mwanangu,

Saluni usiende. Naanza na hilo kwa sababu najua yule dada yuko mtaa wa pili na laki nne na nusu unayo. Anachokuuzia ni plastiki inayogandishwa juu ya jino ambalo halijasafishwa, na ukingo wake unaishia kwenye fizi. Chakula kinaingia chini yake na mswaki haufiki. Mwezi wa pili fizi inavimba na kutoa damu, mdomo unanuka, na jino lililokuwa na doa la rangi linaanza kuwa na tundu la kweli. Ikitokea plastiki haishiki vizuri, wengine huchukua ile mashine ya kucha na kukwaruza jino ili gundi ikamate. Cheti cha ukutani ni cha kusuka na kucha. Daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mgonjwa ana haki ya kuuliza usajili huo bila kuonekana mkorofi.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Mimi ni wa Tanga, na ujana wangu msichana mwenye mwanya alikuwa na bahati yake. Mimi sikuwa nao. Mwaka 1993, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nilikwenda hospitali kumwomba daktari anitengenezee mwanya kati ya meno mawili ya mbele. Alinijibu kwa kifupi kwamba akikata hapo hawezi kurudisha, akaita mgonjwa mwingine. Nilimwona mzee mwenye wivu na vijana. Wiki ile ile nikampata fundi mmoja aliyekuwa anachonga meno nyumbani kwake. Hakuna ganzi. Alishika midomo yangu kwa vidole viwili, akapitisha kidiski kinachozunguka katikati ya meno, na mpaka leo nikipita mahali wanapochoma kwato za ng'ombe nakumbuka ile harufu. Mwanya nikaupata, na nilitembea nao miaka miwili kama malkia. Mwaka wa tatu jino la kushoto likaanza kugeuka kijivu. Mshipa wake ulikuwa umekufa. Leo hapo nina kofia ya kauri, yaani ganda linalofunika jino zima lililochongwa, na hii ni ya pili, kwa sababu ya kwanza ilidumu miaka kumi na mmoja ikapasuka kwenye muwa. Na mpwa wangu, aliyezaliwa na mwanya wa Mungu, mwaka jana amemlipa daktari auzibe.

Kwa hiyo ukiniambia daktari amekukatalia, naijua hiyo hasira. Ila nakuomba uangalie alichokiona yeye katika zile dakika ishirini.

Jino lina ganda gumu la nje, enameli. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili mzima, lakini tofauti na ngozi au mfupa, likishaondoka halioti tena, maana seli zilizolitengeneza zilikufa jino lilipotoka kwenye fizi. Vinia za kauri mara nyingi huhitaji kuchongwa karibu nusu milimita ya ganda hilo. Chukua karatasi tano za daftari uzibane kwa vidole, ni unene huo. Kidogo, utasema. Lakini karibu na fizi ganda lenyewe linaweza kuwa halizidi hapo. Halafu hesabu umri. Vinia nzuri iliyotunzwa inaweza kukaa miaka kumi, kumi na mitano, wengine zaidi. Wewe una 27. Ukijaliwa kufika miaka 75, utakuwa umezibadilisha mara tatu au nne, na kila mara daktari anaondoa tena kidogo. Yule daktari hakuwa anamwangalia bibi harusi wa Desemba peke yake, alikuwa anamwangalia pia bibi wa miaka sabini anayetaka kutafuna mhogo.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani hakukueleza, na kama hakukueleza amekosea. Doa lako halina maana kwamba jino limeoza. Ni floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru huibeba kwa wingi, kama yale ya upande wa Nakuru na Naivasha kule Kenya. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwenu kuna vyanzo vinavyozidi hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanatengenezwa ndani ya taya, ganda linatoka na vinyweleo vidogo vidogo. Linaota jeupe kama chokaa, kisha miaka inavyokwenda chai na mboga vinaingia kwenye vinyweleo na kulipa kahawia. Marekani kulikuwa na mji wenye meno kama yako, Colorado Springs. Daktari Frederick McKay alifika huko mwaka 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, wao wakidai ni nyama ya nguruwe au ni maziwa mabaya. Ilichukua mpaka mwaka 1931 kujulikana kwamba ni floraidi ya kwenye maji. Na njiani McKay aligundua kingine: meno yale yenye madoa yalikuwa hayaozi kirahisi. Daktari wako aliposema hayana hata tundu moja, alikuwa anakusifia kitu ambacho wenzako wengi wa mjini wenye meno meupe hawana.

Lakini sasa nimseme na yeye. Kosa lake liko kwenye neno moja, lile "tu". Urembo tu. Mtu ambaye mkono wake unapanda mdomoni kila akicheka, aliyewekwa pembeni kwenye picha za kazini kwake, hana tatizo la "tu". Angeweza kukueleza sababu zake zote bila neno hilo na usingetoka unalia. Madaktari wengi wa meno wamefundishwa kutafuta maumivu na matundu. Mgonjwa akija bila maumivu wanahisi kama amekuja kuwapotezea foleni ya wenye maumivu. Ukirudi kwake, na nataka urudi, mwambie hivyo hivyo kwa adabu: "Daktari, kwangu hili si dogo."

Lile swali lake la nani amekuambia ubadilishe meno, lisikuudhi. Halikuulizwa vizuri lakini ni swali la kazi yake. Wanapokea watu wanaotaka meno mapya kwa sababu mume kasema, na ndoa ikivunjika wanakuja kuyalaumu meno. Wanapokea pia watu ambao kasoro wanayoiona haipo, daktari akitengeneza hii wanaiona nyingine, mpaka jino linaisha. Kwa watu wa aina hiyo, kuchonga ni kuwaumiza. Wewe si wao, madoa yako yapo na kila mtu anayaona. Ila yeye alikuwa na dakika ishirini za kukujua.

Umeuliza haki yake ya kukukatalia ni ipi. Una haki ya kukataa tiba yoyote, hata ile inayokufaa, na hakuna wa kukushika kwa nguvu. Lakini haki hiyo haigeuki kuwa amri. Mgonjwa hamwagizi daktari kama anavyoagiza chipsi mayai, kwa sababu mkono utakaoshika kile kidiski ni wa daktari, na atakayeulizwa baraza likiuliza ni yeye. Anachodaiwa ni kukueleza kwa nini, kukuonyesha njia nyingine, na ukitaka kusikia daktari wa pili akuelekeze kwake bila kinyongo. Kwenye hayo matatu wako alifanya moja na nusu.

Kule London kuna daktari bingwa wa meno, Martin Kelleher, aliyeandika mwaka 2010 kuhusu kile alichokiita jaribio la binti. Kabla daktari hajagusa meno ya mtu kwa ajili ya urembo, ajiulize kama angeyafanyia hivyo meno ya binti yake mwenyewe. Waingereza wanalihitaji sana jaribio hilo, maana vijana wao wanapanda ndege kwenda Uturuki kutafuta vinia, wanarudi wamechongewa meno yote na kuvishwa kofia. Ukipata nafasi tazama picha za meno hayo kabla hayajavishwa. Kila jino limebaki kijiti, kama chonge za mtoto wa paka.

Na hicho ndicho ulichopewa bei kliniki ya pili. Soma tena barua yako: wamekuambia "kuyachonga na kuyavisha kofia". Wewe uliomba vinia, wao wakakupa kofia ishirini, na nina wasiwasi kwamba wewe hukuona tofauti na wao hawakutaka uione. Edelhoff na Sorensen walipima jambo hili mwaka 2002. Vinia huondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu ya jino iliyo juu ya fizi, kutegemea jinsi inavyochongwa. Kofia kamili huondoa kati ya asilimia 63 na 72. Kofia ni tiba nzuri ya jino lililovunjika au lililokwisha kwa kuoza, kama hili langu. Kuivisha kwenye meno ishirini yasiyo na hata tundu, kwa binti anayeolewa Desemba, halafu kwa mkopo! Wasiouliza chochote ndio wa kuogopa kuliko yule aliyekuuliza sana.

Nikutulize kidogo. Sisemi usibadilishe chochote. Hizo hatua ulizozidharau ndizo wanazoanza nazo kwa madoa ya floraidi popote pale duniani, na zina uwezo kuliko unavyodhani. Barua yako imenifikia wiki ya pili ya Agosti, kwa hiyo una wiki kumi na sita. Agosti hii aondoe ugaga na fizi zitulie. Baada ya hapo atachukua umbo la meno yako na kukutengenezea vifuniko vya plastiki laini ambavyo utaviwekea dawa na kulala navyo, kwa wiki nne mpaka sita, kwa madoa magumu hata zaidi. Siku za mwanzo usishtuke ukiona yale madoa ya chokaa yameng'aa kuliko jino, hutulia. Meno yanaweza kusisimka ukinywa cha baridi, hilo nalo hupita, na likizidi mwambie apunguze siku. Dawa hiyo usiinunue mtandaoni. Ulaya sheria ya mwaka 2011 inataka dawa yenye haidrojeni peroksaidi, ile kemikali inayong'arisha, ya zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 ipitie kwa daktari wa meno, na isitumiwe na walio chini ya miaka 18, na sijui kwa nini sisi tuiagize kwa bodaboda kwenye chupa isiyo na maandishi. Kama kuna uwezekano una mimba, mwambie daktari kabla, hiyo kazi inangoja.

Ukanda wa kahawia wa yale mawili ya mbele unaweza usiishe kwa dawa. Hapo ndipo kukwangua kunakoingia: asidi hafifu imechanganywa na unga laini, anasugua tabaka jembamba sana la juu, ambako rangi nyingi ndiko ilikojificha. Wengine huanza na hilo kabla ya dawa, ni uamuzi wake. Halafu kama doa bado linakukera, anafunika kwa kompositi, ile dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu, mara nyingi bila kuchonga kabisa au kwa kugusa kidogo tu. Kati ya kung'arisha na kubandika lazima zipite kama wiki mbili, maana dawa ikiwa bado mbichi ndani ya jino gundi haishiki. Kwa hesabu yangu hiyo inakufikisha wiki ya kwanza ya Novemba ukiwa na mwezi mzima wa kurekebisha. Na kumbuka kung'arisha kunatangulia kwa sababu dawa haibadilishi rangi ya kompositi wala kauri. Ukianza na kubandika, umefungwa na rangi hiyo.

Mimi meno yako sijayaona. Madaktari wana kipimo cha floraidi cha Thylstrup na Fejerskov, cha mwaka 1978, kinachoanzia 0 mpaka 9. Ngazi za chini ni mistari na mawingu meupe, za juu ganda lina mashimo au limemeguka. Muulize wewe uko ngazi ya ngapi. Kama una mashimo, mpango utabadilika, na inawezekana kauri ikawa ndiyo jibu la mbele ya safari, ingawa hata gundi haipendi sana ganda la namna hiyo. Siipingi kauri, mwanangu, ninayo mdomoni. Napinga kuanza nayo.

Ukirudi kwake usiende na picha ya msanii. Nenda na picha yako mwenyewe, moja ya zile kumi, umwonyeshe kwa kidole ni jino gani na doa gani linalokunyima usingizi. Pengine ni yale mawili tu, na kazi ya meno mawili si kazi ya meno ishirini. Mwombe kabla ya kubandika chochote akuwekee kompositi ya majaribio isiyogandishwa ili ujione. Toka nayo nje, ujiangalie juani, si chini ya ile taa yake. Muulize jino ataligusa kiasi gani, kikivunjika kitu baada ya miaka mitatu nani anatengeneza na kwa bei gani, na akuandikie gharama zote kwenye karatasi, kwa sababu bima kwa kawaida hailipii haya. Sitashangaa akiba ikabaki.

Wakati unasubiri, mkaa, majivu, limao na magadi visiguse meno yako. Najua unavijaribu, kila aliyewahi kuniandikia kuhusu meno amevijaribu.

Kuhusu wajukuu: floraidi hairithiwi. Mtoto huipata kwenye kinywaji na chakula, tangu anapozaliwa mpaka kama miaka minane, meno ya ukubwani yanapokuwa yanaumbwa. Akikulia mahali penye maji mazuri meno yake hayatakuwa na madoa hayo, na wala wewe kumnyonyesha hakuna shida, maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama anapokunywa maji ya Arumeru. Mkienda likizo kwa bibi yake wa upande wako, mtoto mdogo apewe maji ya mvua au ya chupa. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Makande yake yasipikwe kwa magadi. Kule kwenu na Nakuru wamekuwa wakichuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kwa floraidi unafanya kazi. Mama mkwe umwambie hayo mkiwa wawili, mkiwa na kazi mkononi, hata kama ni mchele tena. Sigara hana haja ya kujibiwa, alishajibiwa na wifi yako, na mshukuru huyo wifi.

Sasa ile nyongeza yako. Meno yawe yamepona au bado, epuka rangi ya chungwa na kahawia, zinayavuta meno kwenye unjano. Chukua nyekundu yenye ubluu kidogo ndani yake, iliyokaribia damu ya mzee, isiyo na mng'aro mwingi. Ijaribu nyumbani juani, na uwe unacheka unapojitazama, maana ukifunga mdomo mbele ya kioo hutajua kama imefaa.

Shangazi